Mdogo wangu anataka mawimbi ya mita 20. Nimpe pesa?

Asalaam aleikum,

Mimi ni mwanamke wa Shela, kisiwani Lamu. Nashona kofia za kupokea oda, na jioni nauza mikate ya mofa mlangoni. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado mtoto wa chuoni, anabeba juzuu kwapani. Nimemlea mimi. Sasa ana miaka 22, amenipita urefu, na hanisikii tena kama zamani.

Anafanya kazi kwenye mashua za kutembeza wageni. Kazi si mbaya, wageni wakiwapo. Shida ilianza pale mgeni mmoja alipoacha ubao wa kutelezea mawimbini, umepasuka nusu. Mdogo wangu akauziba kwa faiba na gundi ya boti, akaanza kuutumia huku upande wa michanga, kule mbele ya kijiji ambako bahari iko wazi. Mwanzoni nilifurahi, maana wenzake wengine wanashinda barazani na miraa. Sasa kusi likianza kuvuma halali. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kusikiliza mawimbi tu.

Halafu akaona kwenye simu mawimbi ya mahali panaitwa Nazaré, Ureno. Ndugu mshauri, na mimi nimeyaona. Mtu anashuka kwenye ukuta wa maji, ni kidoa tu. Mdogo wangu anazirudia video hizo mpaka bando inakwisha. Mwaka jana alikuja Mreno mmoja, mpiga picha, akakaa hapa wiki mbili, wakawa marafiki. Akamwambia, wewe una moyo wa mchezo huu, njoo kwetu majira ya baridi nikuonyeshe. Tangu siku hiyo maneno ni hayo tu.

Pesa anazotaka ziko kwangu. Ni akiba ya kofia pamoja na zamu yangu ya chama, na nilikusudia kuezeka upya chumba cha juu, maana makuti yamechoka. Anasema atanirudishia akishapata wadhamini.

Mjomba wetu, ambaye ni nahodha na kila mwaka hukimbiza mashua kwenye mashindano, amekataa kabisa. Anasema bahari haishi zinge, na kwamba kwenda kutafuta wimbi la kukuua wakati hakuna samaki wala abiria ni kujitia katika maangamizi, tena ni dhambi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo sijamwambia mjomba. Mwezi wa saba, siku za bamvua, kijana alirudi usiku, mkono umechanika. Akaniambia alikatwa na chaza akisaidia kuvuta mashua. Baadaye wavuvi wakaniambia walimkuta mbali, kamba ya ubao imekatika, mkondo umemchukua, ametokea pwani kwa kudra ya Mungu na kurudi kwa miguu. Alikuwa peke yake. La pili ni la juzi. Nilimfuata alfajiri hadi nyuma ya gati, nikamwona anazama na jiwe mikononi. Nikaanza kuhesabu, nikashindwa kuendelea kuhesabu. Alipoibuka nilikuwa nimekaa chini, miguu haina nguvu. Yeye hakuniona.

Na nisikufiche: siku moja nilikwenda kumtazama. Alipanda wimbi, si kubwa, akasimama juu yake kama mtu aliyezaliwa pale, na nikajikuta nimepiga kigelegele mbele ya watu.

Kuna nini huko kwenye maji hata mtu aache usingizi? Na pesa hizi nimpe, au nimnyime?

Dada wa Shela

*

Wa aleikum salaam, Dada wa Shela.

Pesa zitangoja. Naanza na lile jiwe, maana katika yote uliyoyaandika, hilo ndilo linaloweza kukuliza wiki hii, hapo hapo gatini, kabla hata hajaomba pasipoti.

Zoezi lenyewe hakulibuni yeye. Watelezaji wa Hawaii wamelifanya kwa miaka mingi: mtu anapiga mbizi, anabeba jiwe zito, anatembea nalo chini ya maji ili mwili uzoee kufanya kazi bila pumzi. Ila hawalifanyi peke yao. Kila anayezama ana mwenzake juu yake asiyebandua macho. Kinachomlazimisha mtu kuibuka kuvuta pumzi huwa si upungufu wa oksijeni, ni kule kujaa kwa kaboni dioksidi mwilini. Vijana wengi hupumua haraka haraka kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Kumbe wanaipunguza ile kaboni dioksidi, na mwili unakosa cha kuwaonya. Oksijeni inakwisha, mtu anazimia bila kuona dhiki yoyote. Akiwa na mwenzake atavutwa juu, atakohoa, watacheka. Akiwa peke yake atakufa kwenye maji ya mita mbili. Na wanaokufa hivi ni waogeleaji hodari, kwa sababu asiye hodari angeshaibuka zamani.

Basi mwambie kwamba ulimwona. Mwambie leo, usingoje wakati mzuri, hauko. Na usidhani kwamba wewe kukaa gatini ukihesabu kunatosha. Kama huwezi kupiga mbizi ukamtoa, kuhesabu kwako hakumsaidii kitu. Anahitaji kijana mwenzake anayeweza kuzama, na wapokezane: mmoja chini, mmoja juu, hata siku moja wasizame wote wawili. Akikwambia hana mwenzake, basi hana zoezi.

Hilo tumelimaliza. Sasa umeniuliza kuna nini huko majini, na nadhani jibu unalo tangu siku ya kigelegele. Nami nikuongezee la mjomba. Anapokimbiza mashua kwenye mashindano, tanga limejaa hadi mtande unalia, watu wamening'inia nje kuzuia mashua isipinduke, hakuna anayemuuliza amebeba kilo ngapi za samaki. Akishinda anabebwa mabegani. Lamu nzima inajua kwamba kuna furaha ya bahari isiyouzwa sokoni, na mjomba wako ni mmoja wa walimu wake. Kijana ameipata furaha hiyo hiyo, ila kwenye ubao ulioletwa na mgeni, ndiyo maana inaonekana ya ajabu.

Mimi sijasimama juu ya ubao maishani, nimekulia kwenye mashua. Lakini nimewasikiliza na kuwasoma wa mchezo huu kwa muda, na wengi hulisema jambo moja kwa namna tofauti: wimbi likishaumuka nyuma yako, mawazo mengine yote yanakwisha. Deni, ugomvi, kesho, vyote vimekwenda. Kuna mstari mmoja wa kuufuata, na sekunde chache za kuufuata. Fikiria na safari ya wimbi lenyewe. Dhoruba imevuma katikati ya bahari, siku kadhaa nyuma, maelfu ya kilomita mbali. Nguvu yake imesafiri ndani ya maji usiku na mchana, haijagusa kitu, mpaka ikafika mahali ambapo chini pamepanda ghafla, na pale ikamalizikia. Yeye anataka awe hapo hapo inapomalizikia. Mwenye moyo wa bahari akisikia hivyo hashangai.

Lakini bahari yenu na ile ya Nazaré si bahari moja, na hapa ndipo ninapotaka umsikilize kijana kwa makini akizungumza, ujue kama anaelewa au ameona video tu.

Mawimbi ya Shela ni ya kusi. Upepo unayasukuma kutoka karibu, yanafuatana upesi, sekunde chache baina ya moja na jingine, na mengi yanavunjikia kwenye mchanga. Kule Ureno, majira ya baridi, yanatoka kwenye dhoruba kubwa za kaskazini ya Atlantiki, na baina ya wimbi na wimbi zinaweza kupita sekunde 15 hadi 20. Sekunde hizo zikiwa nyingi, ujue chini yake kuna maji mengi yanayotembea. Tena mbele ya Nazaré kuna korongo la chini ya bahari, refu zaidi ya kilomita 200, na kina chake kwenye sehemu ya mbali kinafika mita 5,000. Wimbi linalopita juu ya korongo halipungui mwendo, na lile linalopita pembeni, kwenye maji machache, linachelewa. Yanapokutana karibu na jabali, moja linapanda juu ya jingine, na mkondo unaorudi kutoka pwani unazidi kulinyanyua.

Ndipo zinapatikana zile namba anazokuimbia. Garrett McNamara wa Marekani alifika Nazaré 2010, akatumia muda mrefu kupasoma kabla ya kupathubutu, na Novemba 2011 akapanda wimbi la mita 23.77. Rodrigo Koxa wa Brazil akampita 2017 kwa wimbi la mita 24.38. Kisha Mjerumani Sebastian Steudtner, tarehe 29 Oktoba 2020, akapanda la mita 26.21. Lamu hamna jengo la kumwonyesha mtu urefu huo. Na kimo chenyewe kinadanganya. Wimbi likizidi kimo mara mbili, nguvu yake inazidi mara nne. Kwa hivyo kutoka mawimbi ya mita mbili anayoyajua hadi ya mita 20 si kuzidisha mara kumi. Ni mara mia. Ukichukua maji ya bahari ya kujaza sanduku la mita moja kila upande, yana uzito wa zaidi ya tani moja. Haya yanaanguka kwa maelfu.

Hakuna anayeyafikia mawimbi hayo kwa kupiga makasia ya mikono. Yanakwenda kasi mno. Mtelezaji anavutwa kwa kamba na jeti-ski, ile pikipiki ya majini, na jeti-ski hiyo hiyo, au ya pili, inarudi kumtafuta kwenye povu kabla wimbi linalofuata halijamfika. Juu ya jabali, kwenye ngome yenye mnara wa taa, anasimama mtu na redio, kwa sababu aliye chini hawezi kuona linalokuja. Ndani ya nguo wamevaa fulana inayojaa hewa ukivuta uzi, nayo imeenea baada ya mtelezaji Shane Dorian kukaribia kuzama Mavericks, mahali pa mawimbi makubwa huko California, mwaka 2010 na kuamua kutafuta dawa yake. Kwenye video unaona mtu mmoja. Nyuma yake kuna wanne au watano ambao kamera haiwageukii.

Mfano ulio wazi ni wa mwanamke, na nakuomba umsimulie mdogo wako hata kama anaujua. Maya Gabeira wa Brazil alianguka Nazaré Oktoba 2013. Mawimbi yakampiga moja baada ya jingine, akavunjika mguu, akapoteza fahamu. Mwenzake Carlos Burle akamfikia, akamburuta hadi mchangani, wakambonyeza kifua na kumpulizia pumzi mpaka akarudi. Akafanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja. Miaka ikapita, akarudi pale pale, na Februari 2020 akapanda wimbi la mita 22.4, rekodi ya wanawake. Watu humsifia kurudi kwake. Mimi namtazama zaidi yule aliyekuwa na jeti-ski.

Sasa msikie Mark Foo. Alikuwa bingwa wa Hawaii, jina kubwa. Desemba 1994 alikwenda Mavericks, akaanguka kwenye wimbi ambalo kwa kiwango cha pale halikuwa la kutisha sana. Watu walikuwa wengi majini, wapiga picha wapo, mchana kweupe. Kila mmoja akadhani mwenzake amemwona akitoka. Ulipita muda mrefu kabla mwili haujaonekana ukielea. Na Januari 2023 Marcio Freire wa Brazil, mtu mzima wa miaka 47, mkongwe aliyekuwa akiingia mawimbi makubwa ya Maui, kisiwa cha Hawaii, bila kuvutwa, alifariki Nazaré kwenye mazoezi. Kwa hiyo hata uzoefu hauna ahadi.

Anaweza kukutolea hoja ya Jeff Clark. Kama hajaisikia, ataisikia. Clark aliingia Mavericks 1975 akiwa kijana wa miaka 17, na kwa karibu miaka 15 alikuwa akienda peke yake. Ni kweli. Lakini Clark alikulia mbele ya wimbi lile, alilitazama kabla ya kuligusa, na tena aliwasihi wenzake waje naye, ni wao waliokataa. Mdogo wako ana wenzake, ila hakuwaita.

Na hapa dada yangu ndipo penye jambo lenyewe. Hofu yako yote umeipeleka Ureno, na mimi sikuiona huko. Niliiona kwenye ule mkono na uongo wa chaza. Ameingia siku za bamvua, kusi kali, maji yanakwenda mbio, peke yake, kamba imekatika, mkondo umemchukua. Hayo yangempata yeyote. Kilichonikaa rohoni ni kwamba alirudi akaficha. Hakumwambia dada, hakumwambia mjomba, na nadhani hata wenzake wa mashua hakuwaambia. Mchezo wa mawimbi makubwa unasimama juu ya kusema. Anayerudi pwani husema: nimeanguka hapa, mkondo ulinivuta upande huu, kamba ilikatikia pale, nilibaki chini kiasi hiki. Wenzake wanasikia, wanajifunza, kesho wanajua wamtafute wapi. Mtu anayeficha ajali kwa sababu ya aibu, au kwa kuogopa kunyimwa nauli, mwenzake kwenye jeti-ski hawezi kumtegemea. Atasema yuko tayari wakati hayuko.

Nami simlaumu yeye peke yake. Nyumba ambayo kila neno la bahari linajibiwa kwa "ni dhambi" inamfundisha kijana kufunga mdomo. Mjomba ana haki ya kuogopa. Ile aya ya Suratul Baqara inayokataza mtu kujitia mwenyewe katika maangamizi si ya kuchezewa, na mimi si shehe wa kuifasiri, muulizeni anayeijua. Lakini mjomba angempa kijana kitu ambacho mimi na wewe hatuna. Anajua maji ya pale yanavyotoka wakati wa bamvua, anajua mkondo unamtupa mtu wapi. Badala ya kumkataza tu, aketi naye siku moja juu ya vilima vya mchanga amwonyeshe. Amwambie ukichukuliwa usishindane nao, katiza pembeni sambamba na pwani mpaka ukuachie, kisha ndiyo urudi. Pengine anajua, pengine siku ile alifanya hivyo hivyo na ndiyo maana yuko hai. Tusijue kwa kubahatisha.

Tuje kwenye akiba yako. Usimpe yote, na usimnyime yote.

Ureno kwa mwaka huu, hapana. Achana na mawimbi, hata makaratasi peke yake ni mlima. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ureno na nchi nyingi za Ulaya, inataka taarifa za benki, kazi inayothibitika, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na bima nyingi za kawaida haziwagusi wanaocheza michezo ya hatari. Kijana wa mashua ambaye malipo yake hupitia M-Pesa na mkononi huenda akakataliwa, na ada hairudi. Lile neno la wadhamini pia usilitegemee. Wanaoishi kwa mchezo huu peke yake ni wachache mno duniani.

Kama kweli ana njaa ya kujifunza, Afrika ina mawimbi yake. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Durban maji yake ni ya uvuguvugu, walinzi wa ufukwe wapo, shule za kuteleza zipo, na mawimbi ni makubwa kuliko ya Shela bila kuwa ya kuua mgeni. Akikua huko, mbele yake kuna Dungeons, nje ya Hout Bay karibu na Cape Town, mawimbi makubwa ya kweli, kwenye maji baridi yenye papa. Grant Baker, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mawimbi makubwa, ni mtu wa nchi hiyo hiyo. Sio lazima ngazi ianzie kilele.

Lakini kabla ya Durban, kuna kitu cha bei ndogo ambacho ningekilipia kwanza, na kwa furaha: mafunzo ya huduma ya kwanza na uokoaji. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha huduma ya kwanza. Asiende peke yake, aende na vijana wenzake wawili watatu wanaoingia nao majini. Wajifunze kumbonyeza mtu kifua na kumpa pumzi mpaka mikono ijue yenyewe. Halafu nunua kamba ya mguuni iliyo mpya, ile ya zamani itupwe, na wakubaliane kwamba mawimbi yakizidi mashua moja iwe nje ikisubiri. Huko Shela mashua hazikosekani.

Usidhani ninamsukumia kazi ya uokoaji ili nimwondoe kwenye ndoto yake. Katika mchezo huu waokoaji ndio wafalme. Eddie Aikau wa Hawaii alikuwa mlinzi wa ufukwe wa Waimea tangu 1968, na ametoa watu majini kwa mamia. Mwaka 1978 chombo alichosafiria, Hōkūleʻa, kilipinduka baharini, akapanda ubao wake kwenda kutafuta msaada, na hakuonekana tena. Mashindano ya kumkumbuka hufanyika Waimea, lakini mpaka nyuso za mawimbi zifike mita 12 hivi. Zisipofika, hayafanyiki. Kati ya 2010 na 2022 yalifanyika mara moja tu, 2016. Mabingwa wa dunia nzima wakawa wanangoja, mwaka baada ya mwaka, mbao ziko tayari. Yalipofanyika Januari 2023, aliyeshinda alikuwa Luke Shepardson, mlinzi wa ufukwe aliyekuwa zamuni siku hiyo hiyo. Aliomba ruhusa, akaingia majini, akatoka, akarudi kwenye kazi yake ya kulinda watu. Huyo akamtazame kwenye simu mara nyingi kama anavyomtazama Steudtner.

Kusubiri huko ndiko kipimo changu, na utampima nacho msimu mzima wa kusi unaokuja. Siku ambazo hakuingia ndizo za kuhesabu. Je, anaweza kukaa mchangani saa nzima na ubao mkononi, akayatazama mawimbi, akarudi nyumbani mkavu akasema leo hapana? Akirudi hivyo mara moja bila kununa, mpikie anachokipenda. Je, akianguka vibaya anakuja kukuambia kabla wavuvi hawajakuambia? Ukimpata mtu wa namna hiyo, toa sehemu ya pesa za Durban na moyo wako utatulia kiasi. Hautatulia kabisa, hilo sikuahidi. Ukimpata yule yule wa chaza, pesa zibaki kwenye chama hata akilia.

Jioni ya leo mwite mkae. Usianze na Nazaré wala pesa. Anza na mkono wake, muulize ile siku ya bamvua ilikuwaje tangu alipoingia hadi alipotoka, na ukae kimya mpaka amalize, hata kama yatakuumiza. Usimwambie nani alikuambia.

Na yule rafiki wa Ureno, mwandikie wewe mwenyewe, mdogo wako akikutafsiria ikibidi. Usimuulize juu ya moyo wa kijana. Muulize nani atakayekuwa kwenye jeti-ski, ameokoa watu mara ngapi, nani atakuwa na redio jabalini, na kijana atafanya mazoezi miezi mingapi kwenye mawimbi madogo kabla ya kuvutwa kwenye lile la kwanza. Akikujibu kwa majina na miezi, endeleeni kuzungumza. Akikujibu kwamba usijali, kijana ana kipaji, usitume hata shilingi.